Maswali Yenu: Kulijua Gari la Mkononi Kabla ya Kulilipia

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja, ule wa wasomaji wenye fedha za kujibana wanaotaka kununua gari lililokwisha kutumika. Tumeanza na iliyo ndefu, kwa sababu majibu yake yanawahusu karibu wote walioandika.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Kwa fedha za kikoba na mkopo mdogo wa SACCOS nimefikisha shilingi milioni 9 na nusu, nami natafuta gari dogo la kwendea kazini na kupelekea watoto shule. Dalali mmoja wa Temeke amenionyesha Toyota IST ya mwaka 2004, namba D (yaani herufi za kibao chake cha usajili zinaanza na D), rangi ya silva, ambayo mita yake inasoma kilometa 78,000. Bei ni milioni 9. Anasema gari limekuwa na mmiliki mmoja tu tangu lifike nchini, ila mmiliki huyo amehamia Mwanza na kadi halisi ya usajili wa gari anayo yeye. Mimi nimeonyeshwa nakala. Mpwa wangu alinishauri tuingize namba ya chesisi kwenye tovuti ya Marekani inayouza historia za magari. Tulilipia, ikajibu kwamba namba hiyo haitambuliki. Je, gari ni la wizi? Na kama tovuti haisaidii, historia ya gari nitaipata wapi? — Mwalimu, Mbagala.

JIBU: Mwalimu, namba kutoonekana kwenye tovuti hiyo hakuthibitishi wizi, wala hakuliondolei gari shaka. Tovuti za aina hiyo, na Carfax ndiyo inayojulikana zaidi, hukusanya kumbukumbu za Marekani na Kanada, na hulitambua gari kwa namba yenye herufi na tarakimu 17. IST iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani haina namba ya namna hiyo. Ina namba fupi ya chesisi inayoanza na alama ya aina ya gari, yaani NCP60, NCP61 au NCP65, ikifuatiwa na kistari na tarakimu saba. Fedha mliyolipa huko imekwenda, msiongeze nyingine.

Kumbukumbu za Japani zipo, ila zina mpaka wake. Gari linapotoka huko hutolewa cheti cha kulifuta kwenye usajili ili lisafirishwe, na cheti hicho huonyesha kilometa zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa serikali, ambao gari binafsi hupitia miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya na kisha kila baada ya miaka 2. Nakala yake huwa miongoni mwa karatasi zilizotumika kulitoa gari bandarini, kwa hiyo aliyeliagiza kweli anapaswa kuwa nayo. Kama cheti kinasema gari liliondoka Japani na kilometa 91,000 na leo mita inasoma 78,000, mazungumzo yameishia hapo. Karatasi ya mnada nayo husaidia: wakaguzi wa minada ya Japani huliwekea gari daraja, na daraja la R au RA kwa kawaida humaanisha liligongwa likatengenezwa. Zipo kampuni zinazouza nakala za karatasi hizo kwa kutumia namba ya chesisi. Ukiamua kuitafuta, itafute mwenyewe, usipokee ile anayokutumia muuzaji kwa WhatsApp, kwa kuwa kufuta R na kuandika 4, ambalo ni daraja la gari zuri, ni kazi ya dakika chache kwa kijana yeyote wa stesheneri.

Lakini gari la namba D limekwisha kukaa kwetu miaka kadhaa, na yaliyolipata Kariakoo au Barabara ya Morogoro hayakuandikwa Japani. Hapa kwetu historia ya gari utaiunga mwenyewe kipande kwa kipande, na kipande cha kwanza ni kadi, kabla hata hujamwita fundi, kwa sababu injini mbovu utaipatia nyingine kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, ilhali kadi yenye utata haina duka la vipuri.

Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Isome polepole ukiwa umesimama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi: namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, aina ya matumizi na jina la mmiliki. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota namba ya chesisi imechongwa kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Ifute vumbi kwa kitambaa, uipapase kwa kidole, na uangalie kama bati lina alama za kuchomelewa au rangi mpya kuizunguka namba. Kuna jambo dogo ambalo wanunuzi wengi hulipita: NCP60 hutoka kiwandani na injini ya lita 1.3, na NCP61 ya lita 1.5. Ukikuta chesisi ya NCP60 imebeba injini ya lita 1.5, injini ilibadilishwa, na unayo haki ya kuuliza ilibadilishwa lini, kwa nini, na kama TRA wanayo taarifa.

Sasa ile nakala uliyoonyeshwa. Imenitia wasiwasi kuliko mita. Jijini humu mtu hukopa kwa kadi ya gari: mkopeshaji hubaki na kadi halisi, mkopaji akaendelea kuendesha gari kama kawaida. Akishindwa kurejesha, kishawishi cha kuliuza kwa nakala ni kikubwa, na mnunuzi huja kumjua mkopeshaji siku gari linapokamatwa. Wengine hutoa taarifa polisi kwamba kadi imepotea, wakapatiwa nyingine, huku ile ya kwanza imelala kwenye droo ya mkopeshaji. Kwa hiyo hata ukiletewa kadi halisi, nayo ikawa mpya kupita kiasi kwa gari la miaka mingi, uliza ya awali ilikwenda wapi na uione karatasi ya polisi. Mtu aliyehamia Mwanza anaweza kupanda basi na kadi yake, au kumpa ndugu yake hati ya uwakilishi iliyotiwa saini mbele ya wakili. Asiyeweza lolote kati ya hayo mawili kwa ajili ya milioni 9, mwachie gari lake.

Akipatikana, nenda naye TRA mthibitishe kwamba jina, TIN (namba ya mlipakodi) na namba za gari zinalingana na zilizomo kwenye mfumo. Mkiwa huko ulizeni kama gari liliingizwa kwa msamaha wa kodi, kwa kuwa msamaha ni wa aliyepewa, na gari likihamia kwa asiyestahili kodi hudaiwa.

Madalali hupenda kusema “gari halidaiwi”. Zamani kauli hiyo ilihusu ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo ilifutwa mwaka 2017. Siku hizi madeni yako kwingine. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na unaweza kuziangalia mwenyewe kwa simu kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz. Ushuru wa maegesho unaokusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao hurundikana kimyakimya, hasa kwa gari lililokuwa likishinda Posta au Kariakoo. Bima unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ukishalijua jina la kampuni iliyolikatia gari bima, mwombe mmiliki mpige simu pamoja mkaulize kama limewahi kudaiwa fidia ya ajali. Mmiliki mkweli hatakataa simu hiyo.

Kuhusu kilometa 78,000, piga hesabu ndogo. Kwa gari la mwaka 2004, idadi hiyo ni wastani wa chini ya kilometa 4,000 kwa mwaka. Mtu anayetoka kwako Rangi Tatu kwenda Posta na kurudi, kwa siku za kazi peke yake, huvuka kiwango hicho kwa mbali. Inawezekana gari lilikuwa la mzee mstaafu wa kwenda kanisani tu, ingawa kwa maneno ya madalali wazee wa namna hiyo jijini ni wengi kuliko makanisa. Angalia mpira wa pedali ya breki ulivyolika, ngozi ya usukani ilivyong’aa, kiti cha dereva kilivyozama upande wa mlangoni. Vitu hivyo vikichakaa sana huku mita ikisema gari ni bichi, amini vitu hivyo.

Ajali hutafutwa mchana kweupe, gari likiwa kavu. Usikubali kulikagua jioni kwenye maegesho ya baa wala mara baada ya kuoshwa. Chunguza nafasi kati ya boneti na fenda, kulia na kushoto, kama zinalingana. Tazama bolti zinazoshika fenda: za kiwandani zimepakwa rangi pamoja na bodi, na zikishafunguliwa kwa spana rangi hiyo hubanduka kwenye kona. Inua kapeti ya buti na tairi la spea, uone kama bati la chini limekunjamana au limechomelewa upya. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa itakuonyesha mahali palipojazwa puti, kwa kuwa haitashika. Vuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho: penye kishina chake pana lebo ya tarehe, na ikiwa mkanda ni mpya kuliko gari, ulibadilishwa kwa sababu. Mwisho, washa ufunguo bila kuwasha injini, na uangalie taa ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari linapogonga. Inatakiwa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameichomoa ili usijue mifuko haipo.

Mkanda huo huo uliouvuta hadi mwisho utakuambia pia kama gari limewahi kuzama. Jiji letu lina Jangwani na bonde zima la Mto Msimbazi, na kila masika magari huachwa majini huko. Maji ya mafuriko huacha mstari wa tope kwenye sehemu ya mkanda isiyotoka mara kwa mara, na kutu kwenye bolti za chini ya viti. Mwosha magari hafiki huko.

Fundi awe wako, na umlipe ujira wa kukagua uliokubaliwa mapema, liwe gari litanunuliwa au halitanunuliwa. Fundi aliyeletwa na dalali ana cha juu chake, na hata fundi wako ataahidiwa cha juu ukigeuka kuzungumza na simu, hivyo kaa naye. Fikeni injini ikiwa ya baridi, maana gari lililowashwa kabla hamjafika limefichwa moshi wake wa asubuhi. Kompyuta ya kupimia ni msaada, ila makosa yaliyomo hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Pimeni kabla ya kuliendesha, mliendeshe hadi lipate moto na kupanda mwinuko, kisha mpime tena.

Fedha ziingie benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kadi. Usitoe kianzio cha “kulishikilia gari” kwa mtu ambaye si mmiliki. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, na uhamisho wa umiliki uanzishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mpaka jina libadilike, gari kwa mujibu wa kadi ni la mwingine. Na usimalize milioni 9 na nusu zote kwenye bei. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1 ya thamani, ada za uhamisho, bima, oili, na mara nyingi shokapu na bushi za mbele, vyote vinakusubiri wiki ya kwanza. Kwa mfuko wako mimi ningetafuta gari la milioni 8.

SWALI: Je, ni kweli gari la namba E ni zima kuliko la namba D, na ndiyo maana bei yake iko juu? — Msomaji, Kinondoni.

JIBU: Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Gari la mwaka 2005 linaweza kushuka bandarini juzi likapewa namba E, wakati la mwaka 2010 lililotangulia kuja linabeba namba D. Kweli serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu, asilimia 15 kwa lenye miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, lakini thamani ya magari hayo huko yanakotoka ni ndogo, kwa hiyo bado huletwa kwa wingi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, usisome kibao.

Namba E ina faida moja ya kweli: gari limekaa kwenye barabara zetu muda mfupi, na karatasi za Japani bado zinalisimulia vizuri. Fungua mlango wa dereva, au chungulia chini ya boneti, utafute stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili. Huwa na tarehe na kilometa. Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili mara nyingi ni wa kalenda ya kifalme: kwa enzi ya Heisei, iliyokwisha mwaka 2019, jumlisha 1988. Mwaka 24 ni 2012. Ukikuta stika ya mwaka 24 yenye kilometa 96,000 na mita leo inasoma 80,000, muuzaji hana la kukujibu, na Mwalimu wa Mbagala naye ningependa azitafute stika hizo kabla hazijabanduliwa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Jirani yetu hapa Tabata amefiwa na mume, na anataka kutuuzia Toyota Raum ya marehemu. Tunalijua gari hilo tangu linunuliwe, tunamjua mama mwenyewe, na kadi halisi ipo. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kutuandikia na kugonga muhuri. Inatosha? — Binti wa Tabata.

JIBU: Marahaba. Gari ambalo historia yake mmeiona kwa macho ni bahati, msiipoteze kwa haraka. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri kwamba mlikubaliana, lakini hauwezi kumfanya mjane awe mmiliki. Jina kwenye kadi ni la marehemu, na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi shauri hilo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Barua ya usimamizi ikitoka, ndiyo itakayofuatana na kadi kwenda TRA.

Najua ni vigumu kumwambia mama aliyefiwa kwamba mtasubiri. Mwambieni kwa upole, tena mkiwa na mtu mzima, kwamba mnamlinda na yeye, kwa sababu mtoto wa marehemu anayeweza kuibuka mwakani kudai gari ataanzia kwake kabla ya kuwafikia ninyi. Wakati mkisubiri, mwombeni awe analiwasha na kulitembeza kidogo. Gari linaloegeshwa miezi mingi karibu na bahari huharibika betri, breki na mipira kuliko linalotumika.

SWALI: Nimeonyeshwa Passo yenye kibao cha njano, lakini kijana wa gereji ananinong’oneza kwamba ilikuwa teksi ya mtandaoni. Nitajuaje, na je niikimbie? — Mama Neema, Ubungo.

JIBU: Mama Neema, kibao kinabadilishwa. Gari la biashara huwa na kibao cheupe, na likirudishwa kuwa la binafsi hupewa cha njano, lakini mabadiliko ya matumizi hupitia TRA, hivyo anzia hapo. Kisha kaa kiti cha nyuma. Gari la familia huchakaa zaidi kwa dereva. La abiria huchakaa nyuma upande wa kushoto, wanakopandia watu: kitambaa kimelegea, kitasa cha ndani kimepauka, mlango unahitaji kubamizwa. Juu ya dashibodi tafuta duara la gundi lililoachwa na kishikilia simu, na kwenye kioo cha mbele tafuta mabaki ya stika za leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu.

Mimi nisingelikimbia kwa jina tu. Wapo wenye teksi wanaobadilisha oili kwa wakati kuliko maofisa wenye magari yao ya binafsi, kwa sababu gari likilala na wao hawali. Ila kilometa zake zitakuwa nyingi, gia boksi imefanya kazi ya foleni mchana kutwa, na bei lazima iseme hivyo. Anayekuuzia teksi kwa bei ya gari la nyumbani amekwisha kukuficha jambo moja, nawe una sababu ya kuuliza yaliyobaki.

SWALI: Gari lina namba ya Z, liko Kigamboni, bei ni nafuu mno. Nichukue? — Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Unafuu huo huenda ni kodi ambayo haijalipwa. Gari lililosajiliwa Zanzibar likitaka kubaki Bara hutakiwa kukamilisha taratibu za TRA, pamoja na kulipa tofauti ya kodi pale inapokuwepo, na kupata usajili wa huku. Mwambie muuzaji akamilishe hayo kwa gharama yake, akuletee kadi yenye namba ya T na jina lake, ndipo mzungumze bei upya. Akikujibu kwamba utamalizia mwenyewe, mwombe kwanza akupe kwa maandishi kiasi kinachodaiwa, kisha ukijumlishe na bei yake, uone kama bado ni nafuu.